Hisa zetu katika kampuni ya programu hapa Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya nimeyaandika kwa sababu maswali ni yaleyale, niulizwe sokoni, msibani au kwa simu saa nne usiku. Mimi ni mwanahisa kama ninyi. Nilifundisha hesabu hadi nikastaafu, na sehemu ya kiinua mgongo changu iko ndani ya kampuni hii. Wenzangu wa kamati ya wanahisa wadogo wameyasoma na kuyarekebisha. Jina la kampuni silitaji, wahusika wanalijua.

Mwalimu, kwani hela yetu imeliwa?

Hili huja kabla hata ya salamu kuisha. Nalijibu kwa uangalifu, maana ni tuhuma nzito. Sijaona ushahidi wa wizi. Nilichokiona ni mishahara iliyolipwa kwa miezi ambayo hakuna mteja aliyelipa, bidhaa ya pili iliyoanzishwa kabla ya kwanza kukamilika, na mkopo wa benki uliochukuliwa kuziba pengo. Hela inaweza kuisha bila kuibwa.

Lakini hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili hatujaletewa, na mkutano mkuu umeahirishwa kwa ujumbe wa simu. Anayenyimwa hesabu ana haki ya kushuku. Hasara ningeivumilia, kwa kuwa biashara ni kupata na kukosa. Kinachonikosesha usingizi ni kuambiwa kila robo mwaka kwamba "mambo yanaenda vizuri" na watu ambao wamekwisha kushindwa kulipa pango la ofisi.

Kampuni inatengeneza nini hasa? Wengine tulinunua kwa kumwamini kijana wetu tu.

Inatengeneza programu ya kutunza hesabu za vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, hasa vya tumbaku. Anayetoka Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui anaijua shida iliyokuwepo. Mkulima anachukua mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama. Masoko yakifunguliwa, mitumba yake ya tumbaku, yaani marobota, inapimwa, inapangiwa daraja, bei inatajwa kwa dola ya Marekani, kisha yanaanza makato: pembejeo, riba, ushuru wa chama. Yote hayo yaliandikwa kwa mkono kwenye leja. Karani akikosea mstari mmoja, deni la jirani linakuangukia wewe. Na kwa kuwa wakulima hudhaminiana, aliyelima vizuri alijikuta akimlipia mwenzake aliyetorosha tumbaku akauze kwingine.

Vijana wetu walitengeneza programu inayomtolea kila mkulima karatasi yake: umechukua mifuko mingapi, umeuza kilo ngapi, za daraja gani, umekatwa nini, umebakiwa na nini. Nilimwona mzee mmoja ameishika karatasi ile kwa mikono miwili, akamwomba mjukuu wake aisome tena kuanzia juu. Nilinunua hisa wiki hiyohiyo. Kwa hiyo ninaposema nataka kampuni ipone, hela yangu ni sehemu tu ya sababu.

Kitu kizuri namna hiyo kilifikaje hapa?

Kwa maoni yangu kosa lililozaa mengine ni namna ya kuuza. Chama kililipa mara moja, kikawekewa programu kwenye kompyuta, biashara ikaisha. Sasa, jembe ukishaliuza umeliuza. Programu haiko hivyo. Makato yakibadilika msimu huu, daraja likiongezwa, kompyuta ikiungua kwa umeme, katibu wa chama anapiga simu Tabora na kijana anapanda basi kwenda Kaliua kwa nauli ya kampuni. Kila mteja mpya alileta hela ya siku moja na kazi ya miaka. Tulivyozidi kuuza ndivyo tulivyozidi kuzama, na kwenye mikutano tulishangilia idadi ya vyama vilivyojiunga. Nami nilishangilia. Hilo linaniuma, kwa sababu hesabu yake ilikuwa mbele yangu.

Walipozinduka na kuanza kudai ada ya mwaka, wakaidai Januari. Januari mkulima wa tumbaku yuko shambani, chama hakina kitu. Hela yake inaonekana baada ya masoko kufunguliwa, na masoko hayafunguliwi kabla ya mavuno kukaushwa na kufungwa mitumba. Vyama vingi havikulipa, wala havikuwa na ubaya wowote, havikuwa nazo. Huku mishahara inadaiwa kila mwisho wa mwezi. Kampuni inayomtegemea mkulima isipoishi kwa kalenda ya mkulima itakufa njaa katikati ya mwaka, hata kama mwaka mzima ukijumlishwa una faida.

Kisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika ikaanzisha MUVU, mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika. Makatibu wakauliza, na swali lao lilikuwa la haki: kwa nini tuendeshe mifumo miwili? Hapa simlaumu mtu wa nje. Kazi ya bodi ilikuwa kuliona hilo likija na kuifanya programu yetu ifanye yale ambayo mkulima mmoja mmoja anayahitaji. Badala yake walianza kutengeneza programu ya maduka, soko ambalo tayari lilikuwa na wauzaji wengi.

Katikati ya hayo kijana aliyeandika sehemu ya makato akapata kazi Dar es Salaam, akaondoka. Sikumlaumu, alikuwa anadai mshahara wa miezi mitatu. Tatizo ni kwamba namna sehemu ile inavyofanya kazi ilikuwa kichwani mwake, haikuandikwa popote. Tangu hapo kila rekebisho dogo linachukua wiki.

Hisa yangu leo ina thamani gani?

Hakuna anayeweza kukutajia bei, na jibu hilo si la kukukwepa. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, soko lililoanza biashara mwaka 1998, zina bei inayoonekana kila siku ya kazi. Walionunua hisa za Vodacom Tanzania kwa shilingi 850 mwaka 2017 waliona baadaye bei ikishuka chini ya hapo, lakini angalau waliiona na waliotaka kuondoka walijua wanaondoka kwa kiasi gani. Yetu ni kampuni binafsi. Bei ya hisa ni ile ambayo mtu yuko tayari kutoa, na kwa sasa sijamwona mtu huyo.

Unaweza kukadiria: chukua mali zote za kampuni, toa madeni yote, gawanya kwa idadi ya hisa. Kwa hesabu za mwisho tulizopewa, kinachobaki ni kidogo sana. Kompyuta zimechakaa na ofisi ni ya kupanga. Mali halisi ya kampuni ya programu ni programu yenyewe, watu wanaoijua, na wateja wanaolipa tena mwaka unaofuata.

Basi niuze hata kwa hasara?

Ukimpata mnunuzi, soma kwanza katiba ya kampuni. Kampuni binafsi inawekewa mpaka wa wanachama hamsini, bila kuhesabu wafanyakazi, na lazima izuie kwa namna fulani uhamishaji wa hisa. Kwetu, hisa inatolewa kwanza kwa wanahisa waliopo na bodi inaweza kukataa mnunuzi. Usipokee hela ya mtu kabla hilo halijamalizika.

Kampuni ya programu iliyofikia hapa inaweza kweli kufufuka?

Inaweza. Zimefufuka zilizokuwa katika hali mbaya, na inafaa tujue zilifanya nini.

Mwaka 1997 Apple, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ilikuwa inapoteza hela vibaya. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, alirudi, akafuta bidhaa nyingi zilizokuwa zinatengenezwa na kubakiza chache, na Microsoft, mshindani wao, ikaweka dola milioni 150. Huwa tunasimuliwa zaidi habari ya mtu mmoja mwenye akili. Mimi nasoma pale aliposimamisha kazi zisizo na faida. Programu yetu ya maduka ingesimamishwa siku ya kwanza.

Mfano unaotuhusu zaidi ni Adobe, kampuni ya Marekani ya programu za picha na usanifu. Kwa miaka mingi waliuza programu kama tulivyouza sisi: lipa mara moja, chukua. Mwaka 2013 walitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zao kubwa za ubunifu yatapatikana kwa kulipia ada tu. Wateja walilalamika sana. Mapato yaliyokuwa karibu dola bilioni 4.4 mwaka 2012 yakashuka hadi karibu bilioni 4.1 mwaka 2013, na faida ikashuka zaidi ya nusu. Mwaka 2015 mapato yalikuwa yamefika karibu bilioni 4.8, yakaendelea kupanda. Walishuka kwanza ndipo wakapanda, na waliweza kuvumilia kushuka kwa sababu walikuwa na akiba. Sisi akiba hatuna. Hapo ndipo penye ugumu wetu wote, na mpango wowote usiosema kipindi cha kushuka kitalipiwa na nini haujakamilika.

Halafu kuna BlackBerry, kampuni ya Kanada iliyowahi kutamba kwa simu zake, ambayo naomba kila mwanahisa aifikirie. Ilianguka kwenye simu, ikaongozwa na John Chen kuanzia mwishoni mwa 2013, ikatangaza mwaka 2016 kuacha kutengeneza simu zake yenyewe, ikageuka kuwa kampuni ya programu. Iliishi. Lakini hisa iliyowahi kupita dola 140 mwaka 2008 haikurudi hata karibu na hapo. Kampuni ilipona, mwanahisa wa zamani hakupona. Wakurugenzi wetu wanapotuambia "tutafufuka", muulize kila mmoja wao anazungumzia kupona kwa nani. Kampuni inaweza kusimama tena kwa mtaji wa mtu mpya, na sisi tukabaki na karatasi ukutani.

Bodi inasema ina mpango. Tutaupimaje?

Usianze na maneno, anza na hela iliyopo. Hela iliyo benki leo inatosha mishahara ya miezi mingapi? Kama jibu ni miwili, mpango wa miaka mitatu hauna maana mpaka miwili hiyo ivukwe.

Swali la pili ndilo ninalolithamini kuliko yote: kati ya vyama vilivyokuwa vinatumia programu msimu uliopita, vingapi vimelipia msimu huu? Usikubali kupewa idadi ya "vyama vilivyofungiwa mfumo". Kufungiwa si kulipa. Kama kumi walikuwapo na saba wamelipa tena, kuna kitu cha kuokoa. Kama ni wawili, programu haimsaidii tena mtu, na kuiongezea mtaji ni kumwaga maji mchangani.

Uliza pia ni nani aliyebaki anayeweza kufungua programu na kuirekebisha, kama ana mkataba na analipwa. Uliza madeni ya kodi na michango ya wafanyakazi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii; hayo hujificha mpaka yanapokuja na riba. Na uliza wakurugenzi wenyewe wamepunguza posho zao kwa kiasi gani. Hili wengine wananiambia ni la kuaibisha watu. Sioni aibu yoyote ndani yake. Mtu anayewaomba wastaafu wa Ipuli na Ng'ambo wajifunge mkanda aonyeshe wa kwake.

Wanataka tununue hisa stahiki. Tuchangie tena?

Hisa stahiki ni hisa mpya ambazo waliokwisha kuwa wanahisa hupewa nafasi ya kwanza kuzinunua. Siwezi kukuamulia, lakini fanya hesabu hii. Tuseme kampuni ina hisa 1,000 na wewe na ndugu zako mna 100, yaani asilimia 10. Zikitolewa hisa mpya 1,000 na msinunue hata moja, mtakuwa na 100 kati ya 2,000, asilimia 5. Hisa zenu hazijapungua, sauti yenu imepungua nusu. Na asilimia 10 ina uzito wa pekee kisheria, kama nitakavyoeleza hapa chini.

Msimamo wa kamati ni kwamba tusitoe shilingi kabla ya hesabu zilizokaguliwa kuwekwa mezani. Msimamo wangu binafsi ni mkali zaidi: hata hesabu zikija, hela mpya iende kwenye jambo moja lililotajwa kwa jina, kwa mfano kumlipa mtu wa kuandika upya sehemu ya makato, na isiingie kwenye madeni ya zamani. Na usikope ili ununue hisa hizi, mama zangu wa vikoba nawasihi.

Sheria inatupa nguvu gani?

Nguvu kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka mkutano mkuu kila mwaka, na kati ya mkutano mmoja na unaofuata isipite miezi 15. Wanahisa wenye angalau moja ya kumi ya mtaji uliolipwa wenye haki ya kura wanaweza kuandika barua, wakaisaini na kuifikisha ofisi iliyosajiliwa ya kampuni, wakitaka mkutano wa dharura na kutaja ajenda. Wakurugenzi wasipochukua hatua ya kuuitisha ndani ya siku 21, walioandika barua wanaweza kuuitisha wenyewe. Angalia: ni moja ya kumi ya mtaji, hatuhesabu vichwa. Wengi wetu tuna hisa chache, ndiyo maana tunazunguka kukusanya saini.

Mkurugenzi anaweza kuondolewa kwa azimio la kawaida, kura zaidi ya nusu, mradi taarifa maalumu imetolewa na naye amepewa nafasi ya kujieleza. Mwanahisa anayeona kampuni inaendeshwa kwa namna inayomdhulumu anaweza kwenda mahakamani chini ya kifungu cha 233. Na mtu yeyote anaweza kuomba taarifa za kampuni kwa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, kwa njia ya mtandao, kwa ada. Tuliomba. Ndiko tulikogundua kwamba ritani za mwaka, yaani taarifa ambazo kampuni hupeleka huko kila mwaka, hazijapelekwa.

Ikifilisika, watakuja kuuza nyumba yangu?

Aliyeniuliza hili ni mjane wa Urambo, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Mama, hapana. Hiyo ndiyo maana ya dhima yenye ukomo: ukishalipia hisa zako zote, unachoweza kupoteza ni hicho ulicholipa. Nyumba, shamba na ng'ombe ni vyako. Hali ni tofauti tu kama ulisaini mwenyewe kuidhamini kampuni benki. Kama kuna karatasi uliwahi kusaini usiyoielewa, njoo nayo tuisome pamoja.

Katika kugawana mali, benki inashika kilichowekewa rehani. Gharama za mfilisi, mishahara na kodi za serikali hutangulia, wadai wengine hufuata, sisi ni wa mwisho kabisa.

Tuseme akatokea mnunuzi kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Tukubali?

Tumsikilize. Februari 2008 Microsoft ilitaka kuinunua Yahoo, kampuni ya huduma za mtandao, kwa dola bilioni 44.6, bodi ikaona ni kidogo ikakataa. Mwaka 2017 biashara ya Yahoo ilinunuliwa na Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, kwa chini ya bilioni 4.5, ingawa hisa zake katika Alibaba, kampuni ya Kichina ya biashara ya mtandaoni, zilizokuwa na thamani kubwa, zilibaki nje ya mauzo hayo. Kinachonitia hofu ni bodi yetu kumkataa mtu kwa kiburi bila sisi kujua kwamba alikuja. Ofa yoyote iletwe mkutanoni.

Na taarifa za wakulima zilizomo kwenye programu?

Ahsante kwa aliyeuliza, kwa kuwa alikuwa mmoja tu. Majina, namba za simu, madeni na mapato ya wakulima si bidhaa ya kuuzia madeni yetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana wanaokusanya na kutumia taarifa za watu, na Tume yake ipo. Tutataka iandikwe kwenye azimio kwamba, kampuni ikiuzwa au ikifa, kila chama kitapewa kumbukumbu zake zote kwanza.

Kwa nini msiwashtaki tu?

Kesi inakula hela na muda, na kampuni haina hata kimoja. Tukienda mahakamani leo, msimu wa masoko utapita bila programu kufanya kazi, na wateja waliobaki watarudi kwenye leja. Barua kwanza, mkutano pili. Tukizibwa mdomo hapo, kifungu cha 233 hakijafutwa.

Nifanye nini sasa hivi?

Tafuta hati yako ya hisa. Kama imepotea, iandikie kampuni uombe nyingine, nakala ya barua ubaki nayo. Hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wanachama. Mwanahisa ana haki ya kulikagua bila malipo saa za kazi, na wawili wetu walikuta majina yao yamekosewa. Aliyerithi hisa za marehemu alete barua ya usimamizi wa mirathi.

Fomu ya saini iko kwangu na kwa mweka hazina wa kamati. Andika jina kama lilivyo kwenye hati na idadi ya hisa, kisha saini. Walio mbali na mjini wanaweza kumteua mwakilishi wa kuwapigia kura. Fomu ya uwakilishi ifike ofisi ya kampuni saa 48 kabla ya mkutano, na aliyeipokea agonge muhuri kwenye nakala yako.